Viwanja vinapimwa mlimani juu ya chemchemi: tuwaombeje madiwani hela ya viwanja ilinde na mlima wenyewe?

Korongo_Refu

Wakuu mwakeye. Nipo mkoa wa Kigoma, mji sitautaja na halmashauri siitaji maana sitaki kumchongea mtu na nusu ya wanaohusika ni mashemeji zangu, ila wa huku mtajijua wenyewe.

Iko hivi. Juu ya mtaa wetu kuna mlima, chini ya mlima kuna chemchemi, na chini ya chemchemi ndo tupo sisi. Bomba lipo, ila bomba letu mnalijua tabia yake, siku likikata mtaa mzima unashuka na ndoo kwenye chemchemi. Kule juu kimebaki kipande cha miti ya asili, mitundu mingi, mininga miwili mitatu ambayo sijui imeponaje mpaka leo, sehemu nyingine yote ilishaliwa na tanuri za matofali ya kuchoma na mashamba ya mihogo. Msimu uliopita mvua ya mwezi wa tatu ilishusha matope usiku yakaingia mpaka jikoni kwangu, masufuria yanaelea, mke wangu akakimbilia debe la unga, mimi nikakimbilia redio, mtoto akajiokoa mwenyewe.

Sasa vigingi vimeanza kupanda mlima. Mradi wa viwanja, naambiwa kama mia tatu hivi awamu ya kwanza. Nilienda kwa mwenyekiti wa mtaa kistaarabu kabisa, akanionyesha kwenye ramani kile kipande cha miti kimewekwa rangi ya kijani, eneo la wazi. Nikafurahi. Akasema usifurahi, ile ardhi ni ya familia nne, hela ya kuwalipa fidia haipo, kwa iyo awamu ya pili rangi inaweza kubadilika.

Ndo nikapata wazo. Kila kiwanja kinachouzwa pale halmashauri inapata hela, kila anayejenga analipia kibali, kila fremu inalipa ushuru. Kwa nini sehemu ya hiyo hela isitengwe kuwalipa hizo familia nne na kuulinda mlima? Yani ujenzi wenyewe ulipie kile unachokiharibu. Nauliza je inawezekana kisheria, na je tunawaombaje madiwani bila kuonekana tunapinga maendeleo? Maana huku ukisema mti watu wanakuona unatumwa na wazungu wa hifadhi ya sokwe ya Gombe.

Mtu_Kazi

Watu hawana pa kulala we unawaza mininga. Mtakula miti?

Korongo_Refu

Tutakunywa maji mkuu.

FundiSaruji77

Mi ni fundi ujenzi, nimejenga Kasulu, Kibondo, Uvinza, nimejenga mpaka Kakonko, ngoja niseme ukweli hata kama hautapendwa. Ukiongeza ada kwenye kibali cha ujenzi utakuwa unamwadhibu mtu mwaminifu tu. Huku kwetu nyumba ngapi zina kibali? Mimi katika kazi kumi wenye kibali ni wawili watatu, tena mara nyingi ni wale wanaotaka mkopo wa benki au ni watumishi wanaogopa. Wengine wote unajenga jumamosi na jumapili, ijumaa ukuta haupo, jumatatu mtu ameshapaua. Sasa ukimwambia ongeza laki tatu ya kulinda mlima, hiyo laki tatu ni mifuko kumi na kitu ya saruji, atakuambia fundi twende usiku. Afu mlima utakuwa umeisha na hela hamjapata.

Sipingi wazo. Napinga kulibandika kwenye kibali.

bikoni_imara

Fundi amesema point kubwa sana na mimi nitaongezea maana hii ndo kazi yangu, mi ni mpima, nimehangaika na miradi ya viwanja ya halmashauri tofauti tofauti.

Korongo_Refu nakushauri kibali kiache kabisa. Pa kushika ni kwenye bei ya kiwanja. Mradi wa viwanja unavyoendaga ni hivi: halmashauri inatafuta mtaji (kuna ule mpango wa Kupanga, Kupima na Kumilikisha ambao wizara ilikuwa inazikopesha halmashauri bila riba), inalipa fidia wenye mashamba, inachora mchoro wa mipango miji, inapima, inachonga barabara kwa greda, halafu inajumlisha gharama zote inagawa kwa mita za mraba inaongeza cha juu, hiyo ndo bei. Sasa maeneo ya umma, yani shule, zahanati, soko, barabara, yanaonekana kwenye mchoro lakini fidia yake inalipwa na nani? Na wanunuzi wa viwanja, kupitia hiyo hiyo bei. Kwa iyo jambo mnalotaka si geni, mnunuzi wa kiwanja tayari anailipia barabara, mnachoomba ni kwamba na ile rangi ya kijani ihesabiwe kama gharama ya mradi TOKA MWANZO, isiachwe kama mabaki.

Piga hesabu ya mfano tu, si ya mradi wako maana siujui. Viwanja 300, kila kimoja wastani mita za mraba 600, jumla ni mita 180,000. Ukiweka shilingi 500 kwa kila mita una milioni 90. Kwa mtu mmoja mmoja ni laki tatu, kweli fundi ana haki ni mifuko kumi na kitu, lakini anailipa ndani ya bei ya kiwanja, anailipa mara moja, na hakwepi kwa sababu bila kulipa hapati kiwanja. Na si lazima wote walipe sawa. Kiwanja kidogo cha makazi weka 200, cha biashara weka 1,000, cha kituo cha mafuta weka zaidi, yule mwenye kituo cha mafuta ndo anasakafia eneo lote na maji yote ya paa lake yanaenda kwenye korongo lenu.

Ila kuna mtego. Awamu ya kwanza ikishauzwa bila hicho kipengele imeisha, huwezi kumrudia mtu aliyelipa ukamwambia kuna nyongeza. Kwa iyo uliza haraka: bei imeshapitishwa au bado?

Korongo_Refu

Bado. Vigingi ndo vinawekwa, bei nasikia itaenda kwenye kikao.

bikoni_imara

Basi mna bahati kuliko mnavyojua.

MzeeWaBaraza

Nimekaa kwenye baraza la madiwani vipindi viwili, halmashauri nayo siitaji, nilishastaafu siasa au siasa ilinistaafu, vyovyote utakavyo. Vijana nawapongeza kwa swali zuri, ngoja niwaeleze jikoni kukoje.

Kwanza diwani mmoja mmoja hana hela wala hana kalamu. Mnamlaumu bure barabarani. Bajeti inaandaliwa na wataalamu, inaenda kwenye kamati, inaishia kwenye baraza. Jambo lenu litapita kamati mbili, ile ya mipango miji na mazingira na ile ya fedha, na nawaambia ukweli, kwenye kamati ya fedha ndipo mambo mazuri yanapofia. Sio kwa ubaya, ni kwamba pale kila mtu ana madarasa hayajaezekwa kwenye kata yake. Ukileta mlima mbele ya darasa lisilo na bati, mlima unashindwa, hata mimi niliwahi kuushinda mlima.

Pili, msimwombe diwani "atenge fungu". Fungu linatengwa kila mwaka na kila mwaka halitoki. Utalikuta kwenye kitabu cha bajeti limekaa vizuri, ukifika mwezi wa nne linahamishwa kwenda kwenye mafuta ya gari. Angalieni asilimia kumi ya mapato ya ndani, ile ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Miaka mingi ilikuwa ni maelekezo tu, halmashauri inatoa ikijisikia. Mwaka 2018 ikaingizwa kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu, hapo ndo wakurugenzi wakaanza kuikumbuka. Na hata hivyo mnakumbuka 2023 utoaji ulisimamishwa kwa ajili ya madudu ya vikundi hewa, ukarudi 2024 na utaratibu mpya. Kwa hiyo hela ikiwa na sheria bado inaweza kuyumba, je isiyo na sheria?

Kwenu nyinyi sheria ya bunge hamuiwezi, lakini sheria ndogo ya halmashauri mnaiweza. Baraza linapitisha rasimu, wananchi wanatangaziwa watoe maoni na pingamizi, inaenda kwa waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa kuidhinishwa, inatangazwa kwenye gazeti la serikali. Ni safari ndefu kidogo. Kwa hiyo fanyeni mawili kwa pamoja: kwa mradi huu wa sasa ombeni hela ya mlima iingizwe kwenye bei kama alivyosema mpima, hilo baraza linaweza kuamua kikao kimoja, na sheria ndogo iandaliwe kwa ajili ya miradi inayokuja.

Tatu, muda. Mwaka wa fedha unaanza Julai mosi lakini ukienda mwezi wa sita umechelewa, umekuta sahani zinaoshwa. Vipaumbele vya mitaa na kata vinakusanywa mwishoni mwa mwaka, rasimu inajadiliwa kuanzia mwezi wa kwanza wa pili. Muhtasari wa mkutano wa mtaa wenye sahihi na mhuri, upite kamati ya maendeleo ya kata, ndo upande juu. Barua isiyo na mhuri wa mtaa kwenye meza ya mkurugenzi ni karatasi ya kufungia karanga.

Mama_Migebuka

Wanangu nimesoma yote hayo na miwani yangu ya mkopo. Mmesahau kitu kimoja, hiyo ndoo anabeba nani? Korongo_Refu umesema mtaa mzima unashuka na ndoo, we ulishuka lini mara ya mwisho?

Mimi huku ziwani nauza migebuka na dagaa mwaka wa ishirini na ngapi sijui. 2024 tulifungiwa ziwa kuanzia katikati ya mwezi wa tano mpaka katikati ya mwezi wa nane ili samaki wazaliane, tulilia njaa lakini tulivumilia tukasema sawa ni kwa ajili ya watoto wetu. Halafu mvua ikinyesha nakaa kwenye mwalo naangalia maji ya mto yanavyoingia ziwani mekundu kama chai ya viungo, mpaka mbali kule. Huo udongo unatoka kwenu huko milimani. Unaenda kukaa juu ya mawe pale pale samaki wa kwenye mawe wanapokula na kuzaa. Kwa iyo sisi tufunge ziwa afu nyie mfungulie milima? Hapana jamani.

Ushauri wangu, mkutano wa mtaa wajazeni wanawake. Waambieni waje na ndoo, zikiwa tupu. Na diwani wa viti maalum mumtafute mapema, asisikie mkutanoni kwa mara ya kwanza, mtu hapendi kushtukizwa mbele za watu.

Korongo_Refu

Shikamoo bibi. Nilishuka jumapili, lakini kusema kweli nilishuka kuoga.

Mama_Migebuka

Marahaba. Ndo maana maji hayatoshi.

Mha_Ughaibuni

Habari za nyumbani. Nipo Marekani, jimbo la Colorado, hili jambo huku lina historia ndefu acha niwaletee kidogo, mtachukua linalowafaa.

Huku mji ukipanuka kuna ada anatozwa mwenye kujenga, kama ada ya athari hivi, kwa sababu nyumba mpya inaleta magari, watoto wa shule, maji taka na inakula ardhi iliyokuwa wazi. Sehemu nyingine ada hiyo inaenda kwenye bustani na kununua ardhi ya kuhifadhi. Sasa kuna kesi moja, huko California kaunti ya El Dorado, mzee anaitwa George Sheetz alitaka kuweka nyumba ndogo iliyotengenezwa kiwandani kwenye kiwanja chake mwenyewe, akaambiwa lipa kwanza dola 23,420 za barabara. Akalipa huku ananung'unika akaenda mahakamani, ikafika mpaka Mahakama Kuu ya juu kabisa ya nchi, na mwezi wa nne 2024 majaji wote wakakubaliana naye kwamba hata kama ada imepitishwa na baraza kama sheria, bado inatakiwa ipimwe kama ina uhusiano na madhara anayoyaleta huyo mjenzi na kama kiwango kinalingana nayo. Huwezi tu kumtoza mtu kwa sababu amekuja dirishani anataka kibali.

Najua sheria za huku hazitumiki Kigoma. Ila hiyo fikra ni nzuri hata kwa baraza lenu, maana atasimama mtu tu aulize kwa nini mimi wa kiwanja namba 40 nilipie mlima? Muwe na jibu. Jibu si "tunapenda mazingira". Jibu ni maji ya paa lako na uwanja wako yanashuka kwenye korongo hili, korongo linaishia jikoni kwa watu hawa, na kile kipande cha miti ndo kinayapunguza kasi kabla hayajafika. Onyesheni kwa ramani. Na hela itumike kwenye mlima ule ule, isiende kupanda maua kwenye mzunguko wa mjini.

Kitu kingine, mji wa Boulder hapa Colorado mwaka 1967 wananchi wenyewe walipiga kura wajitoze kodi kidogo kwenye manunuzi ya dukani, chini ya nusu senti kwa kila dola, wanunue ardhi ya milima na mashamba kuzunguka mji. Hiyo haikuwa ada ya wajenzi, ilikuwa ya kila mtu. Leo ukienda milima iko pale pale, na bei ya nyumba imekuwa juu mpaka walimu na wazima moto wengi wanaishi miji ya jirani wanakuja kazini na gari. Nasema ili mjue na upande huo, mlima ukihifadhiwa viwanja vya pembeni vinapanda bei.

Mtu_Kazi

Ndo nilichosema mimi mkaniona mchawi. Mtahifadhi mlima wa matajiri kukaa wanaangalia view.

bikoni_imara

Mtu_Kazi leo una point nakupa. Ndo maana nikasema viwanja vidogo vilipe kidogo. Na kwenye mchoro viwanja vinavyopakana na miti visiwe vile vikubwa vya mita elfu moja na mia mbili vya vigogo, changanya.

Halafu Korongo_Refu kabla hamjaomba hela ya fidia kwa kila kitu, tenganisheni eneo lenyewe. Kuna sehemu hamhitaji kununua chochote, sheria imeshazuia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kifungu cha 57 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa, na sheria ya rasilimali za maji ya 2009 nayo inalinda mita 60 kuzunguka chanzo cha maji. Kwa iyo chukueni kamba, pimeni mita 60 toka kwenye chemchemi, kama kuna kigingi ndani ya hiyo duara sihitaji kukueleza. Na waandikieni Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Tanganyika, makao yao ni hapo Kigoma mjini, wana utaratibu wa kuweka mipaka kwenye vyanzo na kuviombea vitangazwe kuwa eneo la hifadhi.

Kipande cha miti cha juu ndo cha kulipia. Pale mthamini lazima aje, aingie kwenye mazao na kila kitu, na mjue uthamini ukikaa miaka 2 bila kulipwa unakufa inabidi ufanyike upya kwa bei mpya. Kwa iyo msiite mthamini kabla hela haijaonekana, mtazichosha zile familia nne bure, mtu anazuiwa kulima miaka miwili anasubiri cheki ya kwenye hewa, akija kukata miti kwa hasira msimlaumu.

Mnyamwezi_wa_Ipuli

Niwasalimie toka Tabora, majirani zetu wa mwisho wa reli.

Nimefurahia mada ila nina wasiwasi na jambo moja ambalo hamna aliyeligusa. Hela ikishalipwa, ardhi inakuwa ya nani? Wengi mnachanganya na ile misitu ya vijiji. Kule jirani na Gombe vijiji vina misitu yake ya hifadhi, ule mradi wa TACARE wa taasisi ya Jane Goodall ulianza 1994 baada ya yule mama kuona toka kwenye ndege milima nje ya hifadhi imebaki kipara, na vijiji viliweza kwa sababu kijiji kina ardhi yake na mkutano mkuu wake unaamua. Mtaa wa mjini hauna ardhi, mtaa ni ofisi na mhuri. Kwa iyo msitu wenu utakuwa mikononi mwa halmashauri, na halmashauri ya leo ikiulinda ya kesho inaweza kuupima. Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu msitu wa hifadhi wa serikali za mitaa, ombeni utangazwe hivyo, kubadilisha kitu kilichotangazwa kwenye gazeti la serikali kuna mlolongo, kubadilisha rangi kwenye mchoro ni kalamu na kikao.

Halafu chungeni bomba. Sisi hapa Tabora tulikua tunakunywa maji ya bwawa la Igombe, bwawa likishuka mji mzima unajua, watoto wanajua, mlevi anajua. Sa hivi maji ya Ziwa Victoria yametufikia, tunashukuru kwa kweli, ila mi naona watu wamelisahau bwawa na msitu unaolizunguka kwa sababu halina tena cha kutudai. Bomba lenu siku likiacha kukata, hao wanaoshuka na ndoo leo watakuwa wa kwanza kusema pimeni tu. Kamilisheni mambo wakati bomba bado ni baya.

Na wekeni mizinga. Sisemi kwa sababu Mnyamwezi lazima aseme asali, nasema kwa sababu msitu usio na mtu ndani unakatwa usiku. Zile familia nne wapeni wao waweke mizinga, wamelipwa fidia na bado wana sababu ya kupanda kule kila wiki, huo ndo ulinzi wa bei rahisi kuliko mgambo. Mikaratusi msipande karibu na chemchemi hata mkipewa miche bure, inakunywa kuliko ng'ombe.

FundiSaruji77

Hapo kwenye mizinga tanuri la matofali ndo adui namba moja, nakiri mwenyewe. Tanuri moja la matofali elfu ishirini linakula miti lori zima. Mi sa hivi mwenye nyumba akiniuliza namshauri tofali za kufyatua za saruji au zile za udongo za kushindilia kwa mashine, lakini bei ndo inaongea. Kama hiyo hela ya mlima itapatikana, kipande kidogo kinunue mashine mbili za kufyatua zikae kwa kikundi cha vijana hapo hapo mtaani, wajenzi wa hivyo viwanja mia tatu wanunue tofali pale. Vinginevyo mnalinda msitu huku nyumba mia tatu zinasubiri matofali ya kuchoma chini yake.

Korongo_Refu

Fundi umenimaliza, hilo la tofali sikuliwaza kabisa na ndo litakalomaliza ile mitundu kabla ya awamu ya pili.

Jana jioni nimepanda na kamba pamoja na vijana wawili na katibu wa mtaa. Vigingi vitatu vipo ndani ya mita 60 za chemchemi. Hatujaving'oa, tumepiga picha, katibu kaandika. Nimeongea na mzee wa familia moja kati ya zile nne, mzee wa watu kacheka, kasema yeye hajawahi kukataa miti ibaki, anachokataa ni kuambiwa asilime halafu alipwe maneno. Kanionyesha makaburi ya wazazi wake yapo humo humo kwenye miti, nilikua sijui.

MzeeWaBaraza shikamoo, nikuulize, hii barua tuandike tunaomba asilimia au tunaomba shilingi kwa mita?

MzeeWaBaraza

Marahaba. Shilingi kwa mita. Asilimia inaanza mjadala wa asilimia ya nini, ya mapato ghafi au baada ya gharama, na baada ya gharama hakunaga kinachobaki. Shilingi kwa mita ya mraba hata diwani aliyeishia darasa la saba anaizidisha mwenyewe. Na muombe iwe na akaunti yake, na taarifa yake isomwe kwenye mkutano wa mtaa kila robo mwaka pamoja na mapato na matumizi mengine. Barua iwe ukurasa mmoja. Ukurasa wa pili weka picha ya jikoni kwako yenye matope. Makaburi yaandikeni pia, mthamini atayahitaji na madiwani ni watu wazima, hilo litawagusa kuliko mninga.

Msiandike neno "tunadai". Andikeni "tunaliomba baraza letu tukufu". Mtanicheka, lakini nimekaa kule.

FundiSaruji77

Niandikeni na mimi kwenye wanaounga mkono, sio mkazi wa hapo ila nitakuja kujenga hapo. Kibali tu msikiguse.

Korongo_Refu

Hakiguswi. Mkutano wa mtaa ni jumamosi ijayo saa nne, mwenyekiti kakubali ajenda iwe ya tatu baada ya ulinzi shirikishi na michango ya madawati. Kina mama wameshaambiwa wabebe ndoo.

Mama_Migebuka

Nitatuma mjukuu wangu anawakilisha ziwa, yupo huko anasoma. Ila mwanangu mvua za mwezi wa kumi na moja hizo zinakuja kabla ya baraza lolote kukaa, hilo debe la unga safari hii umeliweka wapi?